Kukata na Kuacha

Damu ya kuku haina heshima. Sikukuu ikifika hapa Kavumu, Kivu, kuku aliyeshinda na kamba mguuni huchinjwa uani, damu ikamwagika chini, mtu akaifukia kwa mguu, na habari yake ikaishia hapo. Kinachogombaniwa ni paja na firigisi. Lakini wako watu, waliofanya kazi mbali sana na Kivu, ambao katika kuku mzima walichokitaka ni damu hiyo tu.

Chembe nyekundu ya damu ya binadamu haina kiini. Inapokomaa ndani ya uboho wa mfupa hukitoa nje, ikabaki mfuko wa himoglobini wa kubebea oksijeni. Ndege hawafanyi hivyo. Chembe nyekundu ya kuku, ya kanga, ya kunguru anayetua kwenye uzio wa uwanja wa ndege, hata ya tausi wa Kongo aliyejificha katika misitu ya tambarare ya Kahuzi-Biega, ina umbo la yai, na kiini chake kimekaa katikati. Fundi wa maabara anayesoma vioo vya malaria, akiwekewa kioo cha damu ya kuku bila kuambiwa, atashtuka papo hapo: kila chembe ina doa la zambarau. Na DNA hukaa ndani ya kiini. Kwa hiyo, tone kwa tone, damu ya kuku ina viini mara mamia kuliko yetu, ambayo viini vyake vimo katika chembe nyeupe peke yake. Isitoshe, viini hivyo vya kuku karibu vyote ni vya aina moja ya seli, tena seli iliyotulia, isiyogawanyika. Ini limechanganyika seli za kila namna, na ubongo vilevile. Damu ya ndege ni karibu safi tangu ilipotoka mshipani.

Mjerumani Albrecht Kossel aliliona hilo mapema. Mwaka 1884 alichukua chembe nyekundu za bata bukini, akatenga viini, akavitia asidi, na kutoka humo akapata protini ambayo hakuna aliyekuwa ameieleza kabla yake. Akaiita histoni. Mwaka 1910 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya kemia ya seli. Mwanafunzi wa leo anayekariri majina ya histoni, H2A, H2B, H3 na H4, ni vyema ajue kwamba zilitoka kwanza kwa bata.

Histoni zinafanya nini ndani ya kiini? Seli ya kuku ina kromosomu 78, nyingi zikiwa ndogo mno. Ukizinyoosha nyuzi zote za DNA za seli moja na kuziunga, unapata zaidi ya sentimita 70. Kiini chenyewe kina upana wa mikromita chache, na mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Uzi huo wote umo humo, na haujajifunga mafundo yasiyofunguka, kwa sababu seli inajua pa kusoma na inaposoma inapata. Kwa miongo mingi wataalamu walidhani histoni zimeufunika uzi kwa usawa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Picha za eksirei ziliashiria kwamba kuna kitu kinachojirudia ndani ya mchanganyiko huo, unaoitwa kromatini, lakini hazikusema ni nini.

Jibu lilipatikana kwa kukata. Bakteria anayeleta majipu, Staphylococcus aureus, hutoa kimeng'enya kinachokata DNA, na maabara hukiita nyukliezi ya mikrokokasi. Kina tabia mbili zinazomfaa fundi. Hakifanyi kazi bila kalsiamu. Halafu hukata kwa wepesi uzi ulio wazi, lakini ule ulioshikwa na protini hukipa taabu. Mwaka 1971 Gary Felsenfeld na mwenzake Clark, huko Bethesda nchini Marekani, walikitumia kwenye kromatini wakaona kama nusu ya DNA inaliwa na nusu inabaki. Matokeo hayo yalikuwa ya ajabu kidogo, maana kitu kilichofunikwa kwa usawa hakiliwi nusu. Mwaka 1973 Hewish na Burgoyne, wa Chuo Kikuu cha Flinders huko Australia, wakaacha kimeng'enya kilichomo ndani ya viini vya ini la panya kifanye kazi chenyewe, kisha wakapanga vipande kwa urefu. Vipande havikuwa vya urefu wowote tu. Vilikuwa na kipimo kimoja, mara mbili ya kipimo hicho, mara tatu, mara nne. Baadaye ilijulikana kwamba kipimo chenyewe ni takribani herufi 200 za DNA.

Fikiria muwa ambao mafundo yake ni magumu hata panga halipiti. Ukiukatakata gizani, ovyo ovyo, kila kipande bado kitatoka na fundo zima moja, au mawili, au matatu. Nusu fundo hutaipata hata ukikata usiku kucha. Anayeviokota vipande hivyo asubuhi, bila kuwahi kuuona muwa, anaweza kueleza mafundo yamekaa umbali gani kutoka moja hadi jingine. Hivyo ndivyo walivyouona mpangilio wa DNA watu ambao hadubini zao hazikuweza kuuonyesha.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Mwaka 1974 Roger Kornberg, akiwa Cambridge, alipendekeza kwamba kila fundo ni histoni nane zilizoshikana na uzi ukiwa pamoja nazo. Mwaka huohuo Ada na Donald Olins, mke na mume waliofanya kazi Oak Ridge, Tennessee, walichapisha picha za hadubini ya elektroni zilizoonyesha shanga zilizotungwa kwenye uzi. Baadhi ya viini walivyovipasua vilitoka katika damu ya kuku. Mwaka 1975 kundi la Pierre Chambon huko Strasbourg likazipa shanga hizo jina la nyukliosomu. Leo tunajua kwamba herufi kama 147 huzunguka kila rundo la histoni nane, mizunguko isiyofika miwili, kisha kipande kifupi cha uzi huunganisha shanga na shanga.

Historia hiyo imo katika vitabu. Kisichoandikwa sana ni mikono iliyoifanya, nami hiyo ndiyo ninayoistahi kuliko majina. Kimeng'enya kinajua kukata bila kufundishwa na mtu, na kikiachwa kitaendelea mpaka kisibaki cha kusoma. Kazi ya fundi ni kukizuia.

Huanza na baridi. Damu hupokelewa katika maji ya chumvi yaliyopozwa kwenye barafu, yenye dawa ya kuzuia kuganda. Huzungushwa kwenye sentrifuji mpaka chembe nyekundu zitue chini. Juu yake hukaa utando mwembamba mweupe, nao hufyonzwa taratibu na kutupwa, kwa sababu ndizo chembe nyeupe, na zikibaki zitachafua hesabu yote ya mbele. Kisha hutiwa sabuni ya maabara, hafifu, kiasi cha kupasua ngozi ya nje ya chembe na kuacha kiini kizima. Himoglobini hutoka. Huoshwa, huzungushwa, huoshwa tena, na kila mara maji ya juu hupungua wekundu, na kile kilichotua chini hutoka wekundu kwenda waridi, kutoka waridi kwenda weupe. Mgeni angedhani sampuli imeharibika. Fundi anajua kwamba ndiyo kwanza ameipata.

Hapo ndipo penye mtego. Magnesiamu na chumvi katika maji ya kuoshea zikipungua mno, viini huvimba vikapasuka, DNA ikamwagika, na chupa nzima ikageuka ute unaovutika usiokubali kupimwa wala kumiminwa. Zikizidi, viini hushikamana vikawa donge. Ukitikisa kwa nguvu unavunja. Usipotikisa kabisa kimeng'enya hakienei. Kwa hiyo mtu huinamisha chupa polepole kwa kidole, anaitazama kwenye mwanga, anaiinamisha tena. Kitabu cha maelekezo kinasema "changanya taratibu" na kinaendelea na mengine. Taratibu hiyo hujifunzwa kwa kusimama kando ya mtu aliyekwisha kuharibu nyingi.

Kisha hupimwa kiasi cha DNA, kwa kuangalia jinsi inavyofyonza mwanga wa urujuanimno wa nanomita 260, maana kimeng'enya hutiwa kwa uwiano na DNA iliyopo. Chupa hupashwa moto hadi nyuzi 37. Kalsiamu huingia, kimeng'enya huingia, na saa huanza kuhesabu. Nusu dakika ikipita, fundi huchota kidogo na kutia katika chupa nyingine yenye EDTA, dawa inayokamata kalsiamu yote. Bila kalsiamu kimeng'enya husimama. Dakika moja, anachota tena. Mbili. Tano. Kumi. Thelathini. Mwishoni ana safu ya vichupa, kila kimoja kikiwa na hali ya kromatini katika dakika yake.

Protini huondolewa, na DNA iliyobaki hupitishwa katika jeli ya agarosi kwa nguvu ya umeme, kila kichupa katika njia yake. Vipande vifupi hukimbia, virefu hukawia. Jeli hutiwa rangi ya ethidiamu, ambayo haiguswi bila glavu, na ikiwekwa juu ya taa ya urujuanimno DNA hung'aa rangi ya chungwa. Njia ya kwanza, ya nusu dakika, ina wingu zito juu na karibu hakuna kingine. Njia za katikati zina ngazi: mstari wa 200, wa 400, wa 600, wa 800, ukipanda mpaka jicho lishindwe kutenganisha. Njia ya mwisho ina mstari mmoja tu chini, nao umekwisha kupungua kuelekea 147, kwa kuwa kimeng'enya, kilipokosa uzi wa kukata kati ya shanga, kimeanza kuguguna ncha. Mwenye haraka angechukua njia hiyo ya mwisho peke yake akaondoka na robo ya habari.

Ngazi hiyo ina hila moja inayonipendeza kila ninapoifikiria. Mwaka 1976 Morris alilinganisha kromatini ya damu ya kuku na ya ini la kuku, ndege yuleyule. Umbali wa fundo hadi fundo katika damu ulikuwa takribani herufi 210, na katika ini takribani 200. Tofauti ya herufi 10 ni ndogo, na kwenye mstari wa kwanza wa jeli mtu anaweza kuikosa au kuibuni. Lakini panda ngazi. Kwenye mstari wa pili tofauti ni 20, wa tano 50, na unapofika juu zaidi, mistari ya damu na ya ini haikai tena sambamba, mtoto ataiona. Ukubwa wa kifaa haukubadilika, wala bei yake. Aliyebadilika ni mtazamaji, aliyejua kutazama juu badala ya chini. Damu ya ndege ina histoni yake ya ziada, H5, ambayo hushika uzi pale unapoingia na kutoka katika shanga, nayo huendana na kromatini ya damu hiyo, iliyobanwa na kunyamazishwa.

Kuna ushahidi mwingine ambao fundi mwaminifu hauachi. Nyukliezi ya mikrokokasi si mwadilifu: hata kwenye DNA tupu hupendelea mahali penye herufi A na T nyingi. Kwa hiyo, kando ya viini, hukatwa pia DNA iliyovuliwa protini zote, na njia hizo mbili husomwa pamoja. Anayeruka hatua hiyo anaweza kusoma tabia ya kimeng'enya akidhani anasoma ya kromatini. Makala kadhaa za kisayansi zingekuwa fupi zaidi kama waandishi wake wangeikumbuka.

Kimeng'enya cha pili kina tabia tofauti. Kinaitwa DNase I na hutolewa katika kongosho la ng'ombe. Hiki hukata hata juu ya shanga yenyewe, kila baada ya herufi kama 10, pale mgongo wa uzi unapotazama nje. Mwaka 1976 Harold Weintraub na Mark Groudine walikitumia kwenye viini vya chembe nyekundu za vifaranga walio bado ndani ya yai. Walikisimamisha mapema sana, sehemu ndogo tu ya DNA ikiwa imeliwa, kisha wakauliza jeni ya globini, ile inayotengeneza himoglobini, iko wapi. Haikuwapo. Ilikuwa miongoni mwa zilizoliwa kwanza. Jeni ya ovalbumini, protini ya ute mweupe wa yai, ambayo seli ya damu haina haja nayo, ilikuwa bado ipo. Wakafanya vivyo hivyo kwa seli za kuku zisizotengeneza damu, na huko globini ikasalimika. Mwaka huohuo Garel na Axel walikwenda kwenye mrija wa mayai wa kuku jike, ambako ute huo hutengenezwa, na mambo yakageuka: huko ovalbumini ndiyo iliyoliwa mapema, lakini katika ini la kuku ilibaki.

Maana yake ni kwamba jeni inayotumiwa, au iliyoandaliwa kutumiwa, imefungwa kwa ulegevu, na isiyo na kazi imebanwa. DNA ni ileile katika kila seli ya kuku yule. Kufungwa ndiko kunakotofautiana. Nao hawakuliona hilo kwa kuitazama jeni. Waliliona kwa kutoikuta. Kama wangechelewa, kila kitu kingekuwa kimeliwa, jeni zote zingekosekana, na wasingejifunza lolote.

Yapo mengi baadaye ambayo nitayapita haraka. Felsenfeld alibaki na damu ya kuku kwa miaka mingi. Mwaka 1981 yeye na wenzake walionyesha kwamba mbele ya jeni ya globini ya kuku mkubwa kuna kipande cha herufi kama 200 kilicho wazi kabisa kwa vimeng'enya. Mwaka 1993 walieleza kipande kingine, mpakani mwa eneo hilo, kinachozuia jeni za jirani zisiingiliane. Kipande hicho cha kuku kilitiwa katika matibabu ya kijeni aliyopewa mgonjwa wa thalasemia nchini Ufaransa mwaka 2007. Nataja hilo kwa ajili ya familia za hapa zinazolea watoto wenye siko seli, maana magonjwa hayo mawili yote ni ya himoglobini, na njia za kuyatibu zimekuwa zikifuatana. Umbo la histoni nane lilipochorwa kwa eksirei mwaka 1991, histoni zenyewe zilitoka katika damu ya kuku. Mwaka 1997 maabara ya Zürich ikachora nyukliosomu nzima, kila atomu mahali pake. Ni picha nzuri, imepamba majalada. Mimi nikiambiwa nichague, nachagua jeli ya dakika tano.

Tangu 2013 ipo njia mpya, ATAC, inayotumia kimeng'enya kinachokata na kupachika alama kwa pamoja, halafu mashine ikasoma mamilioni ya vipande. Tangu 2015 kuna mradi wa kimataifa wa FAANG wa kuchora ramani za jinsi jeni za mifugo zinavyoongozwa, kuku akiwamo. Kompyuta zimechukua nafasi ya jeli. Sharti la kukisimamisha kimeng'enya kwa wakati halikuondoka. Ukizidisha dozi, mashine ya mamilioni ya faranga itakusomea takataka kwa usahihi mkubwa.

Nayaandika haya kutoka Kavumu, mahali ambapo redio hupataja kwa uwanja wa ndege na askari. Kilomita chache kutoka barabarani iko Lwiro, na kituo chake cha utafiti wa sayansi asilia kilichoanzishwa mwaka 1947. Mkoa huu una historia ndefu ya kuwajua ndege, lakini kwa nje: manyoya, mdomo, urefu wa bawa. Bundi aliyepatikana Itombwe mwaka 1951 alipewa jina la Alexandre Prigogine, mwanakemia aliyekusanya ndege wa Kivu kwa uvumilivu mkubwa. Ni kazi ya heshima, na ngozi zile bado zina faida. Ila ndege ana ndani pia, na ndani yake kunasomeka.

Walimu wa biolojia wa Bukavu, Miti, Kavumu na Katana, anzeni na kioo. Tone moja la damu, likaushwe, lipitishwe kwenye methanoli, litiwe rangi ya Giemsa, ileile ya vioo vya malaria, na darasa zima litaona viini. Nanyi wakuu wa idara za kilimo na tiba vyuoni, zoezi la ngazi linahitaji sentrifuji ndogo, barafu, kisanduku cha jeli, taa ya urujuanimno, kichupa cha kimeng'enya na umeme wa uhakika wa saa chache. Liingizeni katika bajeti ya mwaka huu, na mpeni kila mwanafunzi nafasi ya kuharibu jeli yake ya kwanza.